Uso Yangu na Maziwa ya Mama Sesilia

Tulipotoka kumuzika Mama Sesilia, tulirudi ku parsele yake, kiwanja na nyumba yake hapa Nyakasanza, mu Bunia, tukakaa chini ya shitingi, turubai ya matanga, viti imebanana mpaka magoti ya mutu inagusa mugongo ya mwenzake. Nilikuja na mujukuu wangu Neema. Mama mumoja mwenye sijapata kumuona akanishika mukono, akaniangalia kama mutu anachagua nyanya ku soko, akasema: "Karibu, dada. Weye ni wa upande gani ya familia? Na kwanza juu ya nini ninauliza? Na pua ile, weye ni wetu tu." Alisema kwa upendo, machozi iko ku macho yake. Lakini ile neno ya pua nilishaisikia mu vinywa mingi, ingine na tabasamu, ingine na panga, na miye siku zote ni mutu mumoja tu: Kahindo, binti ya wachuuzi wa Butembo, kule mutoto anapewa jina kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Nikamujibu: "Miye ni wa upande ya maziwa." Hakuelewa. Akanipapasa mukono, akaenda kuangalia sufuria.

Juma yenye ilipita walimushusha Neema ku pikipiki, njia ya Komanda. Vijana wenye kufunga njia na kamba. "Weye wa pua murefu, shuka. Kabila gani?" Akaonyesha karte yake ya kitambulisho. Wakamwambia karte inanunuliwa, pua hainunuliwe. Walimuachilia juu mwenye kuendesha pikipiki alikuwa anajulikana nao. Neema alirudi ku nyumba bila kulia, akasalimia muzuri, akaingia mu chumba. Nilipomufuata na chai, nilimukuta mbele ya kioo, kiganja inakandamiza pua yake, kama mutu anataka kuirudisha ndani. Hakunisikia. Nilirudi nyuma polepole na chai yangu. Ile kiganja ninaijua. Nilikuwa nayo nikiwa na miaka kama yake, mwaka yenye tulikuwa tunaita mwaka ya mabariere, ya kufunga barabara, na pasipo ule mama tumezika, ningekufa nayo ku uso.

Ya wazazi wangu siandike. Walikuwa watu wazuri, inatosha. Mujomba wangu alikuwa anauza vitenge ku soko ya Bunia, akaniita nimusaidie, na alikuwa amepanga vyumba viwili mu hii parsele. Kati ya chumba yake na yangu kulikuwa mbao, ku mbao magazeti ya zamani imebandikwa na uji, na kupitia ile magazeti nilisikia kila kitu: sala, ugomvi, kijiko ku sahani. Nyuma kulikuwa zizi ya miti na ng'ombe ya Mama Sesilia, mwenye parsele. Makabila sitayataja hapa. Wenye wako Bunia wanajua, na wenye hawajui, hiyo ni bahati yao. Nitasema tu watu wa ng'ombe na watu wa jembe, wenye ile mwaka walikuwa wanauana, na siye watu wa duka mu katikati. Mama Sesilia alikuwa mujane, watoto wake wako mbali, wa watu wa ng'ombe kwa baba na kwa mama. Sasa musikilize kichekesho. Watu wanasema mutu wa ng'ombe anajulikana na urefu na pua nyembamba. Yeye alikuwa mufupi, mweusi, pua imetandaa kama mukate. Miye wa duka nilikuwa murefu, shingo hivi, pua kama ncha ya kisu. Kwetu Butembo watoto waliniita Fito, na hakuna mutu aliwaza kitu. Hapa wateja wa maziwa walipofika asubuhi, walinisalimia miye kwa heshima, kama mwenye nyumba, na yeye wanamwambia: "Weye mutumishi, leta maziwa." Mama Sesilia anakimbia, anainamisha kichwa, anasema "ndiyo, patroni." Wakishaenda, anacheka mpaka anashika ukuta. "Kahindo, patroni wangu, unanifukuza ku kazi lini?"

Kazi ya maziwa alinifundisha kwa kunigombeza. Siku ya kwanza niliona kibuyu yake inanuka moshi, nikafikiri ni uchafu, nikaisugua na sabuni ya unga mpaka ikanuka maua. Wema ya mutoto wa duka! Mama Sesilia akanusa kibuyu, akakaa chini kama mutu mwenye amepata habari ya kifo. "Umeiua," akasema. "Hii ilikuwa ya mama ya mama yangu." Nikaanza kulia. Akaniangalia, na kicheko ikamushinda mu katikati ya hasira: "Sasa maziwa yangu itatoa povu kama shati ya muwalimu!" Kutoka pale akanionyesha namna ya kuchoma majani makavu, kuingiza moshi mu kibuyu, kufunga, kutikisa, kungojea. Akanionyesha pia namna ya kukunywa. Kwake maziwa haikunywewe mutu akisimama. Unashuka, unachuchumaa, unashika kikombe na mikono miwili, na kila ukiondoa mudomo unafunika kikombe na kiganja, juu ya nzi na juu ya macho ya watu. Ukikunywa ukisimama, ng'ombe inakauka. Na maziwa na maharagi haikutane mu tumbo moja. Kila asubuhi, wengine wakingali wanalala, tulichuchumaa siye wawili ku mulango ya zizi, mvuke ya ng'ombe inatupiga ku uso, lituma ya jana, ndizi ya kuponda, iko mu jani katikati yetu. Mwanzoni magoti iliniuma. Kisha nikasahau kama kuna namna ingine ya kukunywa.

Bariere ya kwanza ilikuwa kamba tu, kutoka muti mupaka ku muti, na vijana wa jembe wamekaa ku matofali. Mama Sesilia alikuwa mbele yangu na bidon, dumu ya maji, ku kichwa. "Pita, koko," wakamwambia, kama ni mama ya mama yao. Mutu wa ng'ombe kabisa, huyo anapita, anapewa heshima ya koko! Kisha: "Weye. Hapana weye, ule murefu." Wakaniuliza jina. Nikasema Kahindo. "Kahindo gani na pua hii? Jina ulinunua wapi?" Wakacheka. Mumoja akageuza mukono yangu, akatafuta sugu. "Mukono laini. Huyu ni wa fimbo." Nikasema, "Ni wa duka." "Ya maziwa!" Wakacheka tena, lakini mumoja nyuma hakuwa anacheka, na ule njo nilikuwa ninaangalia. Aliniokoa mama mumoja mwenye kuuza makayabu ya Kasenyi, samaki ya chumvi ya ziwa, mwenye kiti yake ku soko ilikuwa pembeni ya duka yetu. Alitoka ng'ambo ya barabara na sauti yake yote: "Weye mutoto, unashika binti ya jirani yangu? Huyu tunafunga naye biashara kila siku! Koko yako mwenyewe anakosa samaki kwangu kama munamugusa!" Wakaniachilia. Jioni mujomba akatoa shauri. Wale vijana waliamini kama mutu wa ng'ombe hawezi kugusa samaki, basi kila nikitoka nibebe beseni ya makayabu ku kichwa. Nikabeba. Maji ya chumvi ilinishuka ku shingo mupaka ndani ya blauzi. Nikajifunza kutembea nimekunja mugongo nionekane mufupi. Nikajifunza kucheka kwa nguvu kama wachuuzi. Na mu kioo kidogo ya mujomba, yenye alikuwa ananyolea ndevu, kiganja yangu ikaanza kazi yake.

Mabaya ilikuja kupitia magazeti ya ukuta. Ilikuwa saa ya kula, nilikuwa ninakunja nguo upande yangu. Muke wa mujomba, Tantine Zawadi, akasema, na hakujisumbua kushusha sauti: "Huyu mutoto atatuua. Uso yake itatuua siye wote." Mujomba akasema: "Ni mutoto ya dada yangu." "Ya dada yako, ndiyo, hiyo tunajua. Upande ingine njo tunauliza. Kule Butembo, ng'ombe ilipitia wapi?" Na mujomba akacheka. Kicheko kidogo, ya pua, ya mutu mwenye amechoka. Ile kicheko iliniuma kuliko kamba ya bariere, juu ku bariere walikuwa wageni. Kisha Tantine akaita na sauti tamu: "Kahindo, maharagi imeiva, njoo kula mama!" Nikaenda. Nilitafuna maharagi moja moja, ninaangalia mikono ya mujomba, masikio yake, vidole ya miguu yake, ninatafuta mahali tunafanana. Kesho yake ku zizi nikamuuliza Mama Sesilia kama inawezekana mama yangu alikosea. Alikuwa anatikisa moshi mu kibuyu. Akasimamisha mukono. "Na miye basi? Na hii pua ya mukate, mama yangu alilala na mwenye kupika mikate?" Nikacheka nikilia. "Shika kibuyu," akasema, "moshi inatoka."

Kisha wakubwa wa muji wakabadilika. Tulilala na hawa, tukaamka na wale. Ku bariere kamba ilikuwa ile ile, matofali ile ile, vijana tu njo walikuwa wengine: watu wa ng'ombe. Nikafika na beseni yangu, mugongo umekunjwa. "Pita, dada," wakaniambia. "Lakini juu ya nini mutu kama weye anabeba huu uchafu?" Nyuma yangu Tantine Zawadi, mufupi, wa muviringo, wakamukalisha mu matope na kofi juu yake. Nikasema, "Ni tantine wangu." "Huyu? Dada, weye uko na roho muzuri sana." Mama Sesilia naye, mama yao kabisa, wakamwambia: "Weye mutumishi, ngoja kule." Hapo aliwaka. Aliwatukana mu luga yao, akataja babu zake mumoja mumoja mupaka mudogo wao akapiga magoti kuomba musamaha. Lakini alirudi ku nyumba bila kucheka, na siku ile hakuniita patroni. Mujomba naye alishapata akili mupya. "Uso ya Kahindo ni lese-pase, karatasi ya kupita njia," akasema. Kila vitenge yake ikienda Kasenyi, miye mbele, kichwa juu, bila beseni. Jioni Tantine alinichagulia kipande ya nyama yenye mafuta. Pua yenye walikuwa wanataka kuficha, sasa wananilisha juu yake. Na nyama ilikuwa tamu, sitadanganya. Na shingo yangu ku bariere ilianza kujinyoosha yenyewe. Vijana hawakuniuliza jina tena, na kwa miezi mingi hakuna mutu mu barabara ya Bunia mwenye alisikia kama ninaitwa Kahindo.

Mwisho ya mvua mambo ikageuka tena, watu wa jembe wakakamata muji. Ng'ombe ya Mama Sesilia ikaibiwa yote asubuhi moja. Nilimukuta amekaa mu zizi wazi, kibuyu ku mapaja. Mujomba akasema tunarudi Butembo kwa miguu, kupitia Komanda. Nikasema siendi pasipo Mama Sesilia. "Mutu wa ng'ombe, njia ya Komanda? Umelewa?" Mwenye kumujibu alikuwa Tantine Zawadi, anafunga mizigo, hata hakuinua kichwa: "Muangalie uso. Nani atamujua? Mwenye kutuletea shida ni Kahindo wako." Ilikuwa kweli, na tukaenda. Barabara ilijaa watu, magodoro, sufuria, kuku imefungwa miguu. Jua ilitukausha. Mbele kidogo ya Komanda tukakuta bariere ya vijana wa jembe, lakini hawa walikuwa na adabu ya kushangaza. Walikuwa na ndoo ya maziwa, ya ng'ombe ya kunyang'anya, na kikombe ya plastiki ya rangi ya buluu. "Mumechoka, wazazi. Mukunywe kwanza, kisha mupite." Mujomba akakunywa, akashukuru. Tantine akakunywa. Mama Sesilia akapokea kikombe, akasimama miguu imepanuka kama mupakizi wa lori, akamimina yote mu koo mara moja, akapangusa mudomo na mukono, akapiga mbweu. Niliona, nikashangaa, lakini kiu haiwaze. Nikapokea kikombe na mikono miwili. Magoti yangu ikashuka. Sikuituma. Nikachuchumaa mu vumbi, nikakunywa, nikaondoa mudomo, nikafunika kikombe na kiganja.

Nilipoinua macho, watu nyuma yangu walishasogea mbali. Kijana wa ndoo aliweka ndoo chini polepole. "Njo huyu," akasema. Wakanivua kitambaa ya kichwa, wakaangalia shingo, wakaangalia pua, wakaangaliana. Mumoja akaokota panga yake, ilikuwa imeegemea muti. "Jina?" Nikafungua kinywa. Jina haikutoka. Ninasema kweli ya Mungu, niliitafuta mu kinywa yangu kama mutu anatafuta jino yenye imeanguka, na nilikuta tu dada, patroni, lese-pase, wa pua, wa fimbo. Mujomba alikuwa anaangalia viatu yake. Basi Mama Sesilia, mwenye alishapita kamba, mwenye angeweza kuendelea mupaka Komanda, akarudi. Akanipiga kofi mupaka kikombe ikaruka na maziwa ikaingia mu vumbi. "Kahindo! Mujinga weye! Nilimwambia mama yako, usimutume huyu kazi ya nyumba kwa wale watu! Mwaka moja tu kufagia mavi ya ng'ombe yao, na sasa anachuchumaa kama chura! Watu wenye kunuka kojo, wenye kukula na nzi, na weye unaiga! Simama!" Akageukia kijana wa panga: "Mutoto wangu, miye ni koko yake. Nisaidie fimbo nimuchape, mukono yangu imezeeka." Mumoja akacheka, kisha wote. Na Tantine Zawadi, Mungu amubariki, akarudi naye na kofi yake: "Hata ku nyumba iko vilevile! Anatuaibisha, huyu Kahindo!" "Mumuchapie mbele, wamama," kijana akasema, "munajaza njia." Mama Sesilia akanivuta na sikio, akanipitisha kamba, ananitukana mupaka kona ya barabara. Pale akaachilia sikio. Hatukuangaliana.

Komanda tulilala mu darasa ya shule pamoja na watu wengi. Jua ilikuwa haijashuka bado wakati Tantine alipata sombe, majani ya muhogo, na muchele, akatuwekea mu sahani moja. Mama Sesilia hakukula. Alikuwa ku mulango na kopo ya maji, anasukutua kinywa, anatema, anasukutua tena. Nikakaa pembeni yake, sikio inawaka. Nikamwambia pole, na aksanti. Akasema: "Nimekunywa nikisimama. Na nimetukana mama yangu mbele ya watoto." Akatema. "Na weye, pale, jina yako ilienda wapi?" Nikasema sijui. "Siku ingine sitakuwa pale kuliita. Liseme." Nikasema, Kahindo. "Unamwambia nani, nzi?" Nikasema tena, na watu mu darasa wakageuka kuangalia ni nani anaitwa, na mujomba naye akainua kichwa ku sahani. "Sasa leta sombe," Mama Sesilia akasema.

Tulifika Butembo, na vita ilipoisha wengine walibaki kule. Miye na yeye tulirudi Bunia, niliolewa hapa, nikazaa hapa, nikazikia bwana hapa. Mama Sesilia alipata tena ng'ombe, moja, kisha ndama. Miaka yote nilikuja asubuhi ku mulango ya zizi, na mupaka mwisho alinisalimia "patroni." Vioo nilivunja moja tu, nikanunua ingine kubwa, iko mu sebule yangu, kila mugeni anajiona. Hii yote nilifikiri nimeshamuhadisia Neema. Kumbe nilimuhadisia tu kofi na chura, ya kuchekesha.

Sasa pale ku matanga, mutoto mukubwa wa Mama Sesilia alileta maziwa ya ng'ombe yake mu kikombe. Kwao, wa nyumba wanakunywa maziwa ya marehemu kabla wageni waende. Kikombe ilipita kwa watoto, kwa wajukuu, kisha ule mutoto mukubwa akaileta kwangu bila kuambiwa na mutu. Nikashuka. Magoti yangu ni ya uzee sasa, ilipiga kelele, lakini nilishuka mupaka chini. Nikasikia ule mama mwenye alinishika mukono ananong'oneza mwenzake: "Umeona? Niliwaambia, ni wetu." Nikaondoa mudomo, nikafunika kikombe na kiganja, nikasema na sauti yenye ilifika ku sufuria: "Jina yangu ni Kahindo." Kisha nikapitisha kikombe juu, kwa Neema.

Neema alibaki wima. Alikomaa na maziwa ya unga, hakuna mutu alimufundisha kitu. Nikasikia midomo inalia, tsk, tsk, na mutu akasema huyu si wa hapa. Mukono moja ikashika kitenge yake, inamuvuta chini. Nikaiondoa ile mukono, kidole kwa kidole. Neema akaniangalia kule chini. Macho yake ilikuwa ya mutu mwenye angali ku bariere, anangojea waseme.

"Kunywa," nikamwambia.

Akakunywa akisimama, shingo juu, pua yote mu kikombe.